Risasi Iliyoachwa na Wawindaji: Somo kwa Wakazi wa Mpakani

Katika mojawapo ya mabaraza yetu ya polisi jamii, mzee mmoja alisimama, akafungua kitambaa na kuweka mezani risasi tatu zilizoota kutu ya kijani. Alisema alizirithi pamoja na bunduki ya marehemu kaka yake, ambayo ndugu huyo aliitumia miaka mingi kuwafukuza nguruwe mwitu na ngedere shambani. Duka la mjini lilikuwa limemwambia kwamba risasi za aina ile haziletwi tena. Akatuuliza: "Afande, bunduki ipo lakini haina chakula. Nikipata ng'ambo risasi zinazofanana na hizi, nitakuwa nimekosa?"

Swali lile lina maswali matatu ndani yake. La kwanza ni kwa nini risasi iliyopendwa jana haipatikani leo. La pili ni kama risasi inayofanana na nyingine yaweza kutumika badala yake. La tatu ni sheria inasemaje. Tuliahidi kuyajibu yote kwa kirefu katika jarida hili, na leo tunatimiza ahadi.

Risasi ni kitu gani

Tuanze na msingi. Kile ambacho wengi wetu hukiita risasi kina sehemu nne. Kuna ganda, ambalo kwa kawaida ni la shaba nyeupe au chuma. Ndani yake mna baruti. Kitakoni mna fataki, ambayo hugongwa na pini ya bunduki na kuwasha baruti. Mbele kuna kichwa, yaani kipande kinachoruka kwenda kwenye shabaha.

Bunduki hutengenezwa kwa ajili ya ganda la umbo moja. Chemba yake, mahali risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, imechongwa kwa vipimo vya ganda hilo na si jingine. Kwa hiyo aina ya risasi ikiachwa kutengenezwa, kila bunduki iliyochongwa kwa ajili yake hubaki yatima. Bunduki yatima haifi kama binadamu. Hubaki darini au chini ya kitanda ikisubiri mtu wa kuijaribu.

Nchi ambamo jambo hili limeonekana zaidi ni Marekani. Huko wakulima na wawindaji wamekuwa wakipiga wanyama wadogo waharibifu kwa zaidi ya karne moja: koyote wanaokula kondoo, na wanyama wachimbaji wa jamii ya kindi ambao mashimo yao huharibu malisho. Wanyama hao ni wadogo na huonekana kwa mbali. Ndiyo maana viwanda vilishindana kutengeneza risasi nyepesi na zenye kasi kubwa. Nyingi zilizaliwa kwa shangwe, na nyingi zikasahaulika. Tutazame sababu.

Sababu ya kwanza: risasi nzuri katika bunduki isiyofaa

Mwaka 1930 kampuni ya Winchester ilianza kuuza risasi iitwayo .22 Hornet, yenye kasi ya takriban mita 820 kwa sekunde. Ilipokelewa vizuri na ipo hadi leo. Kampuni hiyohiyo ilipoona soko linapanuka, ilileta .219 Zipper mwaka 1937, ambayo ilikuwa na nguvu zaidi. Kwa hesabu za karatasini, hii ya pili ingepaswa kuishinda ya kwanza.

Haikuwa hivyo. Zipper iliwekwa katika bunduki ya mkono wa kukokoa, ambayo risasi zake hupangwa katika bomba chini ya mtutu, kimoja nyuma ya kingine. Katika mpangilio huo kichwa chenye ncha kali hakifai, kwa sababu ncha ya risasi ya nyuma hugusa fataki ya risasi iliyo mbele. Ilibidi vichwa viwe butu, na kichwa butu hupoteza kasi upesi hewani. Isitoshe, bunduki hiyo ilitema maganda kwa juu, mahali ambapo darubini ingefungwa. Mwindaji wa mnyama mdogo aliye mbali anahitaji kichwa chenye ncha na darubini. Alinyimwa vyote viwili, naye akaiacha.

Sababu ya pili: kasi inayokula mtutu

Mwaka 1935 ilitokea .220 Swift. Kichwa chake chepesi kiliruka kwa takriban mita 1,250 kwa sekunde, kasi ambayo haikuwahi kufikiwa na risasi nyingine ya kiwandani iliyouzwa madukani. Wawindaji waliishangilia. Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Kidonda kilijitokeza baadaye. Baruti nyingi inayowaka nyuma ya tundu jembamba hutoa joto kali linalokwangua chuma mwanzoni mwa mtutu. Mtu akipiga risasi nyingi kwa mfululizo mtutu ukiwa moto, usahihi hupungua mapema. Wapo waliosema kwamba sifa hiyo mbaya ilitiwa chumvi, na kwamba aliyeacha mtutu upoe na kuusafisha alidumu nao. Hata hivyo jina lilikwisha kuharibika. Mwaka 1964 Winchester iliiondoa Swift katika bunduki yake kuu. Kampuni nyingine iliifufua katika miaka ya 1970, lakini haikurudi tena kwenye kiti chake.

Hapa tunajifunza kwamba risasi huweza kuangushwa na uvumi kama inavyoangushwa na kasoro. Hali hii si ngeni kwetu mpakani, ambako habari isiyopimwa huvuka mto haraka kuliko mtumbwi.

Sababu ya tatu: mpinzani aliyekwisha kupendwa

Ili kujaza nafasi ya Swift, Winchester ilileta .225 Winchester mwaka huohuo wa 1964. Ilikuwa risasi ya kisasa na sahihi. Lakini mwaka uliofuata, 1965, kampuni ya Remington ilichukua risasi ambayo mafundi na wawindaji walikuwa wakijitengenezea wenyewe tangu miaka ya 1930, ikaipa vipimo rasmi na kuiita .22-250 Remington. Watu waliijua, waliiamini, na wengi walikuwa nayo tayari. Katika miaka michache .225 ilikosa wanunuzi. Kizuri chajiuza, nacho hiki cha watu kilikuwa kimejiuza kwa miaka thelathini kabla ya kuingia dukani.

Sababu ya nne: kusoma vibaya haja ya mnunuzi

Mwaka 1955 kampuni hizo mbili zilitoa risasi mbili zinazokaribiana sana, zote zikiwa na kichwa cha kipenyo cha takriban milimita 6. Winchester ilitoa .243, na Remington ikatoa .244. Tofauti iliyoamua hatima yao ilikuwa ndani ya mtutu, katika mifereji iliyojipinda ambayo hukizungusha kichwa ili kiruke bila kuyumba.

Remington iliamini kwamba mnunuzi wake atapiga wanyama wadogo tu. Ikachonga mifereji inayozunguka mara moja katika kila sentimita 30, mzunguko unaofaa vichwa vyepesi na vifupi. Winchester ilichonga mzunguko mmoja kwa kila sentimita 25, hivyo bunduki yake iliweza pia kutuliza vichwa vizito vya kuwindia paa. Mkulima wa kawaida hana fedha za kununua bunduki mbili. Alichagua ile inayofanya kazi mbili. Remington ilirekebisha mzunguko, na mwaka 1963 ikaibadilisha risasi hiyo jina na kuiita 6mm Remington, lakini wanunuzi walikwisha kupita. Hadi leo .243 hupatikana karibu kila duka la wawindaji, wakati ndugu yake hutafutwa kwa shida.

Sababu ya tano: risasi isiyoweza kujazwa upya

Wawindaji wengi wa Marekani huokota maganda yao na kuyajaza upya kwa idhini ya sheria za kwao. Risasi yao ikiachwa na kiwanda, bado wana njia. Lakini ziko risasi ambazo fataki yake haikai katikati ya kitako bali imepakwa ndani ya ukingo wa ganda. Hizo hutumika mara moja tu.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 Remington ilibuni risasi ya namna hiyo yenye kipenyo cha milimita 5, pamoja na bunduki mbili za kuitumia. Bunduki hizo zilikoma kutengenezwa mwaka 1974, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 risasi zake nazo zikakoma. Kampuni nyingine hazikuwa zimeipokea. Makumi ya maelfu ya watu walibaki na bunduki nzima, safi, zisizo na kazi. Walingoja mpaka mwaka 2008, ndipo kiwanda kimoja cha Meksiko kilipotengeneza risasi hizo tena. Zaidi ya miaka ishirini bunduki hizo zilikuwa mapambo ya ukutani.

Sababu ya sita: jeshi linapoingia sokoni

Sasa tufike kwenye risasi iliyotuhusu moja kwa moja siku ile barazani. Mwaka 1950 Remington ilileta .222, iliyobuniwa na fundi wake Mike Walker. Ilikuwa na kasi ya takriban mita 960 kwa sekunde, teke dogo begani, mtutu uliodumu, na usahihi wa ajabu. Kwa zaidi ya miaka ishirini ilitawala mashindano ya kulenga shabaha, na wawindaji wa wanyama waharibifu waliipenda. Haikuwa na kasoro ya Zipper wala ya Swift.

Iliyoiangusha ni mtoto wake mwenyewe. Jeshi la Marekani lilipotafuta risasi ndogo kwa bunduki mpya, mafundi walianza na ganda la .222 na kulirefusha. Jaribio moja lilizaa .222 Remington Magnum mwaka 1958, ambayo jeshi halikuichukua. Jingine lilizaa .223 Remington, iliyoingia soko la raia mwaka 1964 na ambayo pacha wake wa kijeshi ni 5.56. Jeshi likanunua kwa mamilioni. Viwanda vikapanuka, maganda yakajaa, bei ikashuka. Mwindaji aliyesimama dukani aliona risasi mbili zinazofanya karibu kazi ileile, moja ghali na adimu, nyingine rahisi na tele. Mwaka baada ya mwaka .222 ilipoteza nafasi Marekani, ingawa Ulaya ilidumu zaidi. Ufaransa, kwa mfano, sheria ilibana kwa miaka mingi risasi za kijeshi mikononi mwa raia, na .222 haikuwa ya kijeshi.

Kwa hiyo risasi bora yaweza kuachwa bila kosa lolote la kwake. Duka la mjini halikumdanganya mzee wetu. Mwuzaji huagiza kinachonunuliwa na wengi, na kiwanda hutengeneza kinachoagizwa.

Mabadiliko hayajakoma. Jimbo la California limepiga marufuku vichwa vya risasi (yaani madini ya risasi) katika uwindaji wote tangu Julai 1, 2019, kwa sababu ya sumu yake kwa ndege walao mizoga. Vichwa vya shaba nyekundu ni vyepesi kuliko vya madini hayo kwa urefu uleule. Ili viwe na uzito sawa lazima virefushwe, na kichwa kirefu huhitaji mtutu wenye mzunguko wa haraka. Bunduki za zamani zenye mzunguko wa polepole zitaona tena yaliyoipata .244.

Milimita moja na nusu

Sasa swali la pili: risasi inayofanana yafaa?

Zile risasi tatu zilizowekwa mezani zilionekana sawa machoni mwa kila aliyekuwepo. Tulizifuta kitako na kusoma chapa iliyogongwa pale. Mbili ziliandikwa .222. Ya tatu iliandikwa .223.

Magunda haya mawili yana unene uleule kitakoni. Vichwa vyake vina kipenyo kilekile, takriban milimita 5.7. Urefu wa ganda la .222 ni milimita 43.2, na wa .223 ni milimita 44.7. Tofauti yote ni milimita moja na nusu, nayo hujificha kwa urahisi machoni pa mtu anayetazama jioni.

Mzee alituambia kwa uaminifu kwamba aliwahi kuitia ile ya tatu katika chemba. Bolti ikakataa kufunga. Alidhani ni kutu, na alikuwa amepanga kuipaka mafuta kisha aigonge kwa nyundo mpaka iingie.

Ndugu wasomaji, baraza lilinyamaza. Ganda lililo refu kuliko chemba, likishindiliwa kwa nguvu, hukibana kichwa kisitoke ipasavyo. Baruti ikiwaka, shinikizo hupanda kupita kiwango ambacho chuma kimeandaliwa kukihimili, na chuma hicho kiko sentimita chache tu kutoka shavuni mwa mpigaji. Na kugonga risasi kwa nyundo kwaweza kuiwasha hata kabla ya mtu kuweka kidole. Mdharau mwiba, mguu huota tende. Hapa kinachopotea ni jicho, mkono au uhai.

Kinyume chake nacho ni hatari. Risasi fupi yaweza kuingia katika chemba ndefu bila kuleta ubishi wowote, na isipokaa sawasawa ganda hupasuka na hewa ya moto hurudi nyuma. Wenye bunduki za marisau wajue pia kwamba risasi ya geji 20 ikiingizwa kimakosa katika bunduki ya geji 12 huteleza na kukwama mtutuni. Mpigaji akidhani chemba ni tupu, akatia ya geji 12 na kufyatua, mtutu hupasuka mkononi.

Kwa hiyo jibu ni fupi: kinachofanana si kilekile. Bunduki hulishwa tu risasi ambayo jina lake limechongwa kwenye mtutu wake.

Sheria na mpaka

Swali la tatu ndilo linalotupasa sisi zaidi. Tulimwomba mzee kibali cha bunduki. Alikitoa, kikiwa kimehifadhiwa vizuri katika mfuko wa nailoni. Jina lililoandikwa lilikuwa la marehemu.

Kibali cha silaha hupewa mtu, hakifuati bunduki, wala hakirithiwi kama shamba. Mwenye kibali akifariki, familia inapaswa kutoa taarifa polisi, na silaha hukaa chini ya ulinzi wa polisi mpaka mrithi aombe kibali chake mwenyewe na kukubaliwa, au aamue kuisalimisha. Mzee wetu hakuwa mhalifu moyoni. Lakini kila siku iliyopita bunduki ikiwa chini ya kitanda chake, alikuwa nje ya sheria bila kujua.

Na kununua ng'ambo? Itifaki ya Soko la Pamoja ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika mwaka 2010, imeturahisishia kuvuka na mahindi, samaki na vitenge. Haikugusa silaha. Risasi hata moja, ikivushwa bila idhini ya nchi zote mbili, ni kosa. Kabla ya hapo, Aprili 2004, nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika zilitia saini Itifaki ya Nairobi kuhusu silaha ndogo, zikakubaliana kusajili na kutia alama silaha na kudhibiti zilizo mikononi mwa raia, risasi zikiwa miongoni mwake.

Yupo atakayesema, "Lakini ni za kufukuzia ngedere tu." Tunaelewa uchungu wa mkulima aliyeamka na kukuta muhogo umefukuliwa. Hata hivyo mtu anayeuza risasi gizani kando ya mto haulizi mnunuzi atampiga nani. Kisanduku kinachomfikia mkulima leo ndicho kinachomfikia mwizi wa ng'ombe kesho, kwa njia ileile na kwa mkono uleule. Anayenunua kimoja anaulisha mkono huo.

La kufanya nyumbani

Tunawaomba wenye silaha, na wale waliorithi vitu vya wazee, wazingatie haya:

1. Soma jina lililochongwa kwenye mtutu na chapa iliyo kitakoni mwa risasi. Yasipolingana neno kwa neno, au yasiposomeka, usiitumie.
2. Bolti ikikataa kufunga, acha hapo. Usigonge, usipake mafuta, usilazimishe.
3. Risasi iliyoota kutu, iliyovimba au iliyopasuka usiitupe chooni, usiichome moto, usimpe mtoto achezee. Iweke mbali na watoto na moto, kisha utoe taarifa.
4. Ukitaka kusalimisha silaha, usiibebe barabarani. Piga simu kituoni au mtume mwenyekiti wa kijiji kwanza. Askari watakuja kuichukua na kukuandikia hati ya kupokelewa.
5. Ukikuta shambani kitu cha kivita usichokijua, usikiguse. Weka alama kwa mbali, zuia watu, toa taarifa.
6. Wanyama wakivamia mazao, ripoti kwa uongozi wa kijiji na kwa mamlaka ya wanyamapori. Wao ndio wenye idhini na vifaa vya kushughulika nao.
7. Kabla ya kuomba kibali cha bunduki yoyote, muulize mwuzaji mwenye leseni kama risasi zake zinapatikana nchini. Bunduki isiyo na risasi halali ni kishawishi cha kununua zisizo halali.

Mwisho wa habari ya mzee

Wasomaji watataka kujua yaliyompata. Askari wawili walifuatana naye nyumbani mchana kweupe, pamoja na mwenyekiti wa kijiji. Bunduki ilichukuliwa, ikaandikwa, na mzee akapewa hati. Kwa kuwa alijitokeza mwenyewe mbele ya watu na kueleza yote, taarifa yake iliandikwa hivyo. Baada ya wiki moja alirudi kutuambia kwamba hataomba kibali. Alisema bunduki ile ilikuwa ya kaka yake, na kaka yake alijua kuitumia. Yeye alikuwa akiitunza kwa mapenzi tu, na mapenzi hayo karibu yamtoe jicho. Aliomba jambo moja, kwamba picha ya marehemu akiwa ameishika irudishwe kwake, kwani ilikuwa imefungwa pamoja nayo. Picha alirudishiwa.

Maswali ya kujadili barazani

1. Taja sababu tatu kati ya sita zilizofanya risasi fulani ziachwe na wawindaji. Ni ipi kati ya hizo isiyotokana na kasoro ya risasi yenyewe?
2. Kwa nini risasi mbili zenye kichwa cha kipenyo kimoja haziwezi kubadilishana?
3. Jirani yako amefariki na ameacha bunduki yenye kibali. Utaishauri nini familia yake katika siku za mwanzo za matanga?
4. Ni njia zipi kijiji chetu kinaweza kutumia kulinda mazao bila silaha, na nani aziratibu?

Majibu ya swali la nne tungependa kuyapata kutoka kila kijiji katika baraza lijalo, ili tuyapeleke kwa pamoja kwa mamlaka ya wanyamapori.